Uzinduzi wa Kliniki ya Homoni za Kinamama, Kwihara

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye pia ni shemeji yangu, waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, kamati ndogo na kamati ya chai, mapadre, wachungaji na masheikh wetu, wazee wa Kwihara, shikamooni (Marahabaaa!), kinamama wa Itetemia mliokuja kwa miguu, na vijana wa jimu ya Cheyo mliokuja vifua wazi, itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu nimemtaja kwa heshima zote.

Naitwa Ambrosi, Mratibu Mwandamizi wa Mpango Shirikishi wa Homoni za Kujenga Mwili kwa Kinamama wa Ukanda wa Njia ya Misafara, cheo ambacho ni kirefu kwa sababu kazi yenyewe ni ndefu. (Makofi. Yanaanzishwa na dereva wake, Nassibu.)

Ndugu zangu, kwenye njia hii hii babu zetu walijitwisha pembe za ndovu wakaenda nazo mpaka pwani bila kumeza hata kidonge kimoja cha misuli, kwa hiyo nawaambia hawa vijana waliopanga foleni tangu alfajiri: dawa hii si yenu! (Vijana wanaguna. Mmoja anavaa shati.) Hii ni ya matibabu, ni ya kinamama, na tena si wote. Nasoma kama daktari mmoja alivyoniandikia: dawa hizi ni ndugu wa homoni ya kiume, na mwanamke hupewa kwa nadra, chini ya bingwa, kama vile aliyekonda kupita kiasi baada ya kuungua vibaya, au yule ambaye uboho wa mifupa yake umegoma kutengeneza damu. Mjamzito haruhusiwi kabisa. Ini lazima lipimwe mara kwa mara. Ndevu zinaweza kuota, na sauti inaweza kuwa nzito isirudi tena. Lakini hapo mimi naona fursa, maana kwaya ya Moraviani imekosa besi siku nyingi! (Kicheko kirefu.)

(Mama mmoja mwembamba, Levina, anasimama taratibu, ameshikwa kiwiko na jirani yake, Bibi Mwanahawa. “Mheshimiwa, mimi ndiye huyo ambaye damu haitengenezwi. Kwenye kwaya naimba sauti ya kwanza. Nipeni tu hiyo dawa, nitaimba besi. Benjamini wangu ndiyo kwanza anajifunza kuongea, nikimbembeleza kwa besi atalala vilevile.” Vigelegele.)

Mnasikia? Hiyo ndiyo sisi wataalamu tunaita fidibaki chanya! Utafiti wetu unaonesha asilimia mia na nane ya kinamama wako tayari, maana wengine walikubali mara mbili.

(Bibi Mwanahawa: “Basi apewe leo, mwanangu. Alikuwa aende Mwanza kwa daktari wa damu, wewe ukapita na kipaza sauti ukasema daktari anakuja hapa hapa, akakusubiri. Sasa amedhoofika, safari ya basi haiwezi tena. Juzi tulijaribu, akazimia kabla basi halijatoka stendi.”)

Bibi yangu, shikamoo. (“Marahaba, jibu!”) Leo ni uzinduzi, siyo utekelezaji, na tukichanganya fezi hizi mbili mastekiholda watatushangaa. Ila msidhani nimelala. Nikitoka hapa naelekea Mwanza moja kwa moja kwenye warsha ya kuandaa warsha, kwa gari lenye kiyoyozi na viti saba, vinavyolala kama kitanda, na humo nitakuwa mimi na Nassibu tu, nikilitafakari tatizo lenu kwa utulivu. (Bibi Mwanahawa anamtazama Nassibu. Nassibu anautazama ufunguo wa gari mkononi mwake.)

Sasa geukeni mlione jengo. Jeupe, refu, halina dirisha, kwa ajili ya faragha ya mgonjwa. (Sauti: “Mbona linanuka tumbaku?”) Hiyo ni harufu ya dawa. (Mzee Lugembe anapita na mzigo wa majani mabichi, anaingia mlango wa nyuma.) Yule ni mtaalamu wetu wa maabara. (Lugembe, kutoka ndani: “Mratibu, si tulikubaliana saa nne? Majani yakishachumwa hayasubiri hotuba, nawasha moto!” Moshi unatoka juu.) Na huo ni mtambo wa kuchemshia sindano. (Watu wanashikilia mbavu.)

Basi, nikisema Homoni, mseme Kwa Daktari! Homoni! (Kwa daktari!) Kinamama! (Damu!) Mratibu! (Moshi!)

Kwa kumalizia, nimshukuru Mzee Lugembe kwa kutuazima bani lake la kukaushia tumbaku na kukubali tulipake chokaa. Adinani wa duka kwa friji ya dawa, akachukue soda zake. Tekla wa saluni kwa koti jeupe. Dawa zenyewe, zitakazoagizwa mara tu mpango utakapoandikwa. Wafadhili, ambao tutawatafuta. Na daktari wetu, ambaye kwa kweli ni picha tuliyoikata kwenye kalenda ya ukutani.

(Honi. Injini inanguruma.)

Nassibu! Sijamaliza! Nani huyo amelala kwenye kiti changu?

(Bibi Mwanahawa, akichungulia dirishani na Benjamini mapajani: “Panda nyuma, Mratibu, ukatafakari kwa utulivu. Mbele kuna mgonjwa.” Vijana wa Cheyo wamemzunguka Mratibu, wanamnyanyua juujuu na kumweka kati ya mkungu wa ndizi na mfuko wa nguo za mtoto. Mle ndani Levina anajaribu besi. Inakatika katikati, anacheka, anajaribu tena.)

Haya, haya, msinisukume, suti hii! Wewe wa kamati ndogo, andika kwenye taarifa: utekelezaji umeanza.