Kura Kumi na Nne za Watu Wetu

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa tunachagua msimamizi wa zamu hapa chumba cha kufulia cha hospitali. Msimamizi ndiye anayeamua nani aingie kwenye mvuke na nani akunje mashuka chini ya feni. Nimechoka kuchemshwa! Mpinzani wangu ni Mama Pasi, anayekaimu nafasi hiyo, wa kabila la wale wengine. Wao tisa, sisi kumi na nne. Damu nzito kuliko maji. Nimeshanunua tai.

Jumanne, 4 Machi
Nimewanong'oneza watu wetu kwamba Mama Pasi anapendelea wale. Fundi mashine, mtu wetu kabisa, akabandua ratiba ukutani akaisoma mbele ya wote! Eti binamu yake Mama Pasi ameingia kwenye mvuke mara sita, sawa na kila mtu. Halafu akauliza, ile wiki Mama Pasi alipougua nikapanga mimi, nani alikaa chini ya feni siku zote tano? Nikamwambia hiyo ni historia. Msaliti!

Jumatano, 5 Machi
Nimeahidi waziwazi: nikishinda, mtu wetu haonji mvuke tena. Watauoga wale. Nikasubiri vigelegele. Shangazi wa mke wangu, anayekunja foronya, akasema leo nitawaonea hao, na nikishawamaliza nitawageukia watu wetu wenyewe. Shangazi mzima!
Kura ya siri ndiyo inayoficha wanafiki. Nimembembeleza bosi mpaka kakubali: kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake. Tuone nani atathubutu kuwakana ndugu zake hadharani.

Ijumaa, 7 Machi
Wamethubutu. Mstari wa Mama Pasi ulitoka hadi nje ya mlango. Nyuma yangu shemeji, peke yake, akitangaza kwamba dada yake, yaani mke wangu, ametishia kumnyima chakula asiposimama nami. Watu wetu kumi na wawili wamesimama na wale, wanacheka nao! Eti haki. Haki inaliwa?

Jumamosi, 8 Machi
Ratiba mpya imetoka. Mimi mvuke siku mbili, feni siku tatu, sawasawa na binamu yake Mama Pasi. Dharau! Hata kunionea hataki, nipate angalau cha kulalamikia.
Nimekaa nikajichunguza kwa uaminifu. Kosa nimeliona: nilitegemea watu wasio na umoja. Wale tisa hawakugawanyika hata kidogo. Na mama yangu mzazi ni wa kwao! Uchaguzi ujao nagombea kwa upande wa mama. Jumatatu naanza kumwita Mama Pasi mama mdogo.