Ombi la Kumzuia Bwana Rais Asije Tena Kunisifu Rugu

Rugu, Karagwe
Agosti, 1956

Kwa Mheshimiwa Mama Eugenia,
Nyumbani kwa Rais wa Chama cha Wakulima wa Kahawa,
Nyaishozi.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa, maana niliyonayo hayafai kusomwa mtu akiwa amesimama jikoni. Huku hatujambo. Migomba imesimama vizuri, maharage tumeshayapura, na kahawa bado iko juani.

Shangazi, kwa heshima zote, nakuomba umzuie mume wako asitoke nyumbani mpaka uchaguzi upite.

Naomba usikasirike kabla sijaeleza. Najua Bwana Rwezaura ananipenda. Yeye ndiye aliyeniambia nigombee ujumbe wa kamati kwa upande wake, nami nilikubali kwa moyo mweupe. Mwaka huu yeye hapigiwi kura. Yuko katikati ya kipindi chake, tunaopigiwa ni sisi wajumbe. Nilikubali kwa sababu moja tu: nikiwa ndani ya kamati nimshawishi airudishe mizani ya kupimia kahawa hapa Rugu. Tangu alipoihamishia kwenye kile kilima karibu na nyumba yenu, wake zetu wanapanda na vikapu vya kahawa kichwani, na ikisemwa kahawa haijakauka, wanateremka navyo tena. Mimi ningemweleza hayo taratibu, kindugu, siku moja baada ya chakula. Lakini kwa jinsi anavyonipigia kampeni, kwenye hiyo kamati sitafika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumapili ile ya kwanza watu walitoka kanisani wakasimama kunisikiliza. Walikuwa wangu, Shangazi, niliwaona usoni. Mara lori la chama likaingia, Bwana Rais akateremka na kofia yake, akaniweka mkono begani na kusema, "Huyu Desderius ni mimi mwenyewe! Mkimchagua yeye, mmenichagua mimi!" Bibi Kokugonza, aliyekuwa ameniahidi kura yake na ya wanawe wote, alichukua kigoda chake akaniambia, "Kumbe! Nilidhani wewe ni mtu mwingine." Akaenda zake.

2. Nilimwomba asiguse kabisa habari ya mizani. Akaigusa. Akasema kule kilimani kuna upepo, na kahawa inapenda upepo. Akaongeza kwamba kupanda kilima kunamwimarisha mwanamke kifua. Mke wangu Kokuhirwa alikuwa amesimama hapo hapo, ametoka kilimani, kikapu bado kiko kichwani. Jioni aliniwekea ndizi mezani akasema, "Kula, Rais." Mpaka leo ananiita hivyo, na ameniambia waziwazi kwamba siku ya kura atasimama kwenye mstari wa mpinzani wangu, Byarugaba.

3. Aliwatangazia watu kwamba mimi nimekubali siku ya kupima kahawa pasiwe na pombe yetu ya rubisi. Sijakubali! Shangazi, wewe unajua nani anapika rubisi nzuri kuliko wote hapa Rugu. Ni mimi. Jirani zangu walikuja kunitazama kwa huruma, kama mtu aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau.

4. Wakimzomea, anafurahi. Yeye ni mtu wa Muleba, na ingawa ameishi kwetu miaka mingi, ananiambia, "Ninyi Wanyambo mna namna yenu ya kushangilia, sauti nzito nzito." Nani atamweleza? Siku moja tu, tukirudi ndani ya lori, aliniuliza polepole, "Desderius, mbona hawapigi makofi?" Nikamjibu kwamba mikono yao imechoka kwa kuchuma kahawa. Akatikisa kichwa, akasema ni kweli, watu wanafanya kazi sana, lazima tuwasaidie. Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Kwa hiyo usinifikirie mimi ni mtu mbaya ninayemchukia mumeo. Ndiye aliyetufundisha kupogoa mibuni, na lori bila yeye tusingekuwa nalo. Ila asiseme habari zangu.

5. Sipo peke yangu. Aristides wa Kimuli, ambaye naye ni mgombea wa upande wetu, alisikia lori linakuja akakimbilia kibanjani, akajilaza kwenye nyasi zilizotandazwa chini ya migomba. Bwana Rais alipokuta mlango umefungwa, alihutubia hivyo hivyo, mbele ya mbuzi na majirani wachache, akamsifu Aristides kuwa ni mchapakazi asiyekaa nyumbani. Hotuba ilikuwa ndefu. Siafu walimpata Aristides katikati yake, naye akavumilia, akaniambia, "Bora siafu, ndugu yangu. Siafu hawakunyimi kura."

6. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Mpinzani wangu Byarugaba amekuwa mtu wa furaha isiyo ya kawaida. Mvua ilipobomoa daraja letu la magogo, alikusanya watu wake wakalitengeneza siku hiyo hiyo, ili lori la Rais lisikwame likija kunifanyia mkutano. Dereva anapewa rubisi na nyama choma kwa Byarugaba. Tukikutana njiani ananishika mkono kwa mikono yake miwili: "Mwambie Bwana Rais karibu sana Rugu. Aje mara nyingi." Mgombea gani anamkaribisha hivyo kiongozi wa upande mwingine?

7. Na sasa nasikia Bwana Rais amesema siku ya kura, watu watakapopanga mstari nyuma ya kila mgombea, yeye atasimama nyuma yangu, wa kwanza kabisa, ili wote wamwone. Shangazi! Nani atakayekuja kusimama nyuma yake?

Baada ya kufikiri sana, naona njia tatu. Ya kwanza, mpikie. Mpikie ndizi kwa nyama, sijui mtu wa Muleba anapenda nini, mpikie chochote kitakachomfanya alale mchana na kusema ataondoka kesho. Kama hiyo haitoshi, ficha kofia. Bila kofia hatoki, hilo nimelichunguza. Na kama amedhamiria kabisa kupanda lori na kuhutubia, basi mshawishi kwa upole amnadi Byarugaba. Ndiyo, Byarugaba. Aje hapa Rugu amshike bega, aseme, "Huyu ni mimi mwenyewe," awaeleze watu kuhusu upepo na kifua. Akifanya hivyo mikutano miwili tu, mimi nitaingia kwenye kamati nikiwa nimekaa nyumbani kwangu, na nikishaingia nitamtumikia kwa uaminifu kuliko mjumbe yeyote aliyewahi kuwa naye. Nadhani unaona kwamba ombi langu ni kwa faida yake.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na dada Adelgunda kama amesharudi, na majirani zako wa Nyaishozi walio bado na desturi ya kuniulizia. Kokuhirwa anakusalimu sana. Kwako hana kinyongo chochote. Bwana Rais pia nisalimie, lakini usimwambie salamu zimekuja na barua.

Mimi mtoto wa kaka yako, mtiifu siku zote,

Desderius Kamugisha

Nyongeza: Shangazi, barua ilikuwa bado haijapata mtu wa kuichukua, na mambo yamebadilika. Jana lori lilipasuka gurudumu huko kwenu, Bwana Rais hakuja, nikapata mkutano wangu peke yangu kama nilivyotamani. Watu walikuja wengi. Wakatazama barabarani. Wakauliza, "Rais haji?" Nikasema haji. Basi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hata Byarugaba mwenyewe akaondoka, amenuna kama aliyeibiwa. Wote walikuwa wamekuja kumzomea yeye; mimi hakuna aliyenijia. Alibaki Kokuhirwa. Akatua kikapu chini, akakaa juu ya jiwe, akasema, "Haya, sema, nakusikiliza." Nikamwambia yote kuhusu mizani, jinsi ninavyotaka irudi hapa na kwa nini. Akasema, "Hayo ungeyasema siku ambayo yeye mwenyewe yupo na watu wote wapo, ningesimama nyuma yako."

Kwa hiyo usimpikie chochote, na kofia mwachie. Jumapili aje. Aniweke mkono begani mbele ya watu wote, nami nitamwambia hapo hapo kwamba mizani irudi Rugu. Tafadhali na wewe panda lori uje naye, ukae karibu yangu, maana nikianza kusema nitahitaji mtu wa kunishika mkono.