Karoti za Koleo

Jumatatu, 4 Machi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mepesi. Nepi hazikauki.

Koleo kang'ata tena! Miaka miwili, mashavu ya malaika, meno ya mbwa wa mlinzi. Safari hii mkono wa Pacha Mkubwa, kisa gari la plastiki. Kati ya watoto saba ninaowalea hapa sebuleni, ni lazima awang'ate pacha, ambao mama yao ni muuguzi. Jioni alipandisha mkono wa shati la mwanawe, akakagua alama kama yuko wodini, kisha akaniambia kwa upole wa kutisha: dada yangu, nikiona alama nyingine kabla ya Ijumaa kwisha, wanangu wanahamia kwa wifi yako.

Kwa wifi! Dada wa mume wangu, aliyeanza kulea watoto baada yangu, mtaa wa pili tu, akaniiga hadi rangi ya mapazia! Sikubali.

Mama Koleo nilipomweleza alicheka. Eti meno ndiyo yanaota. Yameshaota, mama. Nimeyaona yakifanya kazi.

Jumanne, 5 Machi. Jua safi.

Nimefikiri kwa utaratibu. Mdomo uliojaa haung'ati. Basi: karoti, zilizochemshwa zikalainika, vipande virefu. Koleo akimfungulia mtu mdomo, nachomeka karoti.

Imefanya kazi! Alifungua, nikachomeka, akatafuna, akasahau ugomvi. Siku nzima hakuna alama. Mume wangu kasema nafanana na mtu anayefuga sungura. Acha aseme. Wifi hana akili hii hata aazime.

Jumatano, 6 Machi. Upepo, vumbi hadi kwenye maziwa.

Koleo kabadilika. Haji tena kwa hasira. Anakuja taratibu, anashika mkono wa mwenzake, anafungua mdomo, halafu ananitazama. Anangoja. Nikampa. Ningefanyaje?

Kufika mchana, wote saba! Kila mmoja kamkamata jirani yake, midomo wazi, macho kwangu. Kama foleni kwa daktari wa meno. Saa nane karoti zikaisha. Hapo Pacha Mdogo, mtoto mpole anayeviomba radhi viti akivigonga, akamng'ata Koleo. Koleo alilia kama mtu aliyedhulumiwa haki yake ya kuzaliwa.

Nimelipima neno la muuguzi kwa makini. Alama iliyo kwa Koleo haihesabiki.

Alhamisi, 7 Machi. Joto tangu asubuhi.

Soksi za mume wangu. Nimezikata vidole, nikawavika watoto mikononi hadi kwapani. Ngozi isiyoonekana haing'atwi. Mume wangu kaenda kazini na viatu bila soksi, kanuna, kaniuliza mimi ni mlezi au fundi cherehani.

Saa nne wote wanatiririka jasho. Koleo akaona mikono imefungwa, akahamia makalio ya Pacha Mkubwa. Nepi imeokoa jahazi. Nimezirudisha soksi kabatini. Hajaziona bado.

Ijumaa, 8 Machi. Mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Wifi katokea bila taarifa. Eti anaazima chekecheo. Anaazima chekecheo, macho yote kwa pacha! Akakaa chini kabisa, sakafuni, katikati yao. Koleo akamjia Pacha Mkubwa mdomo wazi. Wifi akaweka kiganja katikati, sauti ya chini: hapana, kung'ata kunaumiza, unataka gari? Sema nipe. Koleo akasema "pe". Akapewa zamu. Basi! Hakung'atwa mtu hadi wifi anaondoka.

Mlangoni alinieleza kwa kirefu. Wifi yangu, watoto saba, gari moja, unategemea nini? Ongeza la pili, kaa karibu nao, mfundishe maneno. Nikaitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi. Macho yangu yalikuwa kwenye aproni yake. Ya buluu, mifuko mikubwa miwili.

Jioni muuguzi akapandisha mikono ya mashati. Safi! Nikaanza kutabasamu. Akainama ambusu Pacha Mdogo. Mtoto akamshika mkono mama yake, akafungua mdomo, akanitazama. Akangoja. Sikuwa na karoti.

Akang'ata.

Muuguzi akatazama mkono wake, akanitazama mimi. Nikamkumbusha kwamba tulizungumzia alama za watoto. Akasema Jumatatu nisiwasubiri, na mabegi yao akayachukua yote mawili.

Inauma. Lakini siri ya wifi nimeigundua: ni ile aproni. Mtoto akiona buluu anatulia, hakuna kingine. Kesho asubuhi naenda kununua kitambaa, na yangu itakuwa na mifuko minne. Kuna kitu pia alisema kuhusu magari, sikukisikia vizuri.

Nalala sasa, saa mbili na nusu.