Theluji ya Unga wa Muhogo

Jumatatu, 2 Juni
Nisamehe, shajara. Toka Pasaka sijakuandikia hata mstari. Nikishika kalamu, Shimwa anaamka. Shimwa akilala, nami nalala, mara nyingine nimekaa, kijiko mkononi.

Leo kuna habari. Mwalimu Wenceslas wa masomo ya jioni amesema parokia inatafuta mama wa kutunza chumba cha kusomea batoto. Asubuhi tu, na mtoto mgongoni anaruhusiwa. Kazi ya kivulini! Mimi ninayepanda kila siku kutoka Gashonga kwenda sokoni, mihogo kichwani, Shimwa mgongoni. Atakayekieleza vizuri kitabu chetu Jumamosi ndiye ataipata. Ni kitabu cha mbwa anayevuta kigari kisicho na magurudumu juu ya theluji, halafu anapotea. Nakala ni moja, tunapokezana. Usiku huu ni zamu yangu. Védastine, mwenzangu wa darasani, ameshakisoma mara mbili na anatembea kama aliyekiandika.

Jumanne, 3 Juni
Nimesoma mpaka mbwa kuingia kwenye dhoruba. Njaa, baridi, mguu unamuuma. Nikasinzia. Kuamka, Shimwa ameshatafuna ukurasa wa mwisho. Nilichomtoa kinywani kilikuwa neno "na" na nukta. Nikamwambia kwa ukali kwamba vitabu haviliwi. Akanipapasa shavu kwa mkono wa mate. Nikambusu, lakini kitabu nilimnyang'anya.

Sasa mbwa amepona ao amekufa? Sijui. Na siwezi kumwambia Mwalimu kwamba mtoto wangu anakula vitabu wakati naomba kutunza vitabu. Nimekirudisha kimefungwa vizuri kwa gazeti.

Jumatano, 4 Juni
Mpango: kumchokonoa Védastine bila yeye kujua. Nilimkuta sokoni Kamembe akichagua sambaza, vile visamaki vya ziwa. Nikatikisa kichwa, nikasema mwisho wa kile kitabu umenigusa sana. Akaniangalia. Akauliza umenigusa wapi. Nikasema pale mwisho-mwisho.

"Eeh," akasema, "pale mbwa anapopanda kamyo ya mizigo, anarudi kwa bwana wake, anavalishwa medali?"

Nikasema palepale, hasa ile medali. Akasema, "Maman Shimwa, wewe unasoma kwa moyo." Akageukia sambaza zake, mabega yanatikisika. Kikohozi, maskini.

Alhamisi, 5 Juni
Mpango mkubwa zaidi. Védastine atasema maneno tu. Mimi nitaonyesha.

Kigari: ganda la mgomba, lile ambalo batoto ba Gashonga wanatelezea mlimani. Theluji: unga wa muhogo ambao yaya Nsimire, dada yangu wa Bukavu, ametutumia jana. Wa mwezi mzima, mweupe kabisa. Mbwa: Tigre wa jirani yetu Papa Cassien. Papa Cassien ameniambia Tigre hajawahi kuvuta hata mkia wake mwenyewe, lakini amekubali kuniazima.

Ndizeye, mume wangu, kashuka kwenye moto, pikipiki yake, na kuuliza kwa nini nisiombe tu kitabu tena, nimalizie. Wanaume hawana mipango.

Jumamosi, 7 Juni
Nilimwaga theluji kwenye mteremko nyuma ya darasa. Nilimfunga Tigre kwa kitenge ninachombebea Shimwa. Shimwa mwenyewe akapokelewa na Védastine.

Upepo ukaja. Nusu ya theluji ikamwendea Mwalimu. Nusu nyingine ikaendewa na kuku wa padri. Tigre alilamba kidogo, akaona haina chumvi, akapanda kwenye kigari na kuketi. Nilimbembeleza, nikamfokea. Akapiga miayo. Basi nilivuta mimi.

Mtu wa nyuma akauliza, "Maman, hapo mbwa ni nani?"

Mwalimu, mweupe mpaka nyusi, akauliza kitabu kinaishaje. Nikasema kamyo, medali. Darasa likanyamaza kwanza, halafu halikunyamaza tena.

Védastine akaeleza, Shimwa amelala begani kwake. Mbwa anafika akichechemea. Mlango unafunguliwa. Analala karibu na moto, na hakuna anayemwamsha.

Hakuna anayemwamsha. Nililia kidogo. Nilisema ni unga.

Kazi kapata Védastine. Aliponirudishia mtoto akasema, "Umeniuliza kwa ujanja, maman, nami nikakujibu kwa ujanja." Nikamfungua Tigre, nikamfunga Shimwa. Lakini kila Alhamisi Védastine anakwenda soko la Ruhwa na biashara yake, kwa hiyo siku hiyo moja anatafutiwa mtu wa kumshikia kazi. Mwalimu akanipa kitabu kingine cha kueleza: ngamia anavuka jangwa. Wiki nzima, peke yangu, bila zamu. Akasema, "Usome tu, Maman Shimwa. Usilete kitu."

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Kitabu ni kinene. Nimekiweka chini ya mguu wa meza, Shimwa asiweze kukichomoa, na meza haiyumbi tena. Ndizeye anakula ndizi za kuchemsha toka jana. Nimemwandikia yaya amkabidhi mama yeyote anayevuka mpaka:

unga wa muhogo, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa theluji;

mchanga mkavu wa ziwa, mfuko mmoja, usio na konokono;

blanketi la kahawia, lisilo na maua;

mto mgumu, wa kufanya nundu;

na jibu la mtu yeyote wa Bukavu aliyesoma: ngamia anafika ao hafiki?

Mbuzi asitume. Papa Cassien anaye, ila bado sijamwambia.