Mguu wa Kunyoosha na Mguu wa Kutembeza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Siwezi kukaa. Siwezi kusimama. Chooni nimekwenda kwa kushika ukuta. Yote kwa sababu ya mechi ya jana ya maveterani, Nduguti na Mtinko. Nimecheza dakika tisini, na mazoezi sijafanya tangu mwaka 2013! Tumefungwa nne.

Jumapili mimi na Klara tunapiga magoti madhabahuni, jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa. Gauni lake limeshashonwa. Nikishindwa, nitamwaibisha mbele ya usharika mzima. Sitaki. Nampenda mke wangu.

Naftali, msimamizi wetu wa ndoa, kaja kunicheka. Anasema misuli ikiuma dawa ni kuitembeza: baiskeli, kazi nyepesi. Nimemwambia dawa ni kuinyoosha, na kwamba kipa aliyefungwa mabao manne hafundishi watu.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata mbinu! Mguu wa kushoto nitaunyoosha, wa kulia nitautembeza. Tuone upi utapona kwanza.

Nimeufunga wa kushoto juu ya mwimo wa mlango kwa kamba ya mbuzi. Mbuzi, kwa kukosa kamba, kaingia kwenye alizeti zilizoanikwa. Tumetazamana. Sikuweza kujifungua. Klara kamfukuza mbuzi kwanza, ndipo akanifungua mimi.

Jioni kanikanda miguu yote miwili kwa mafuta ya alizeti ya uvuguvugu. Nimemwambia anaharibu jaribio. Kasema nitulie.

Alhamisi, 12 Juni
Zamu ya mguu wa kulia. Nimeendesha baiskeli kwa mguu huo tu, wa kushoto unaning'inia. Watumishi wa halmashauri wametoka ofisini kunitazama. Nikakata kona, baiskeli ikakataa. Nimeangukia kwenye vitunguu vya Naftali!

Kaniinua, kauliza mguu upi unaongoza. Nimesema wa kushoto. Uongo. Inauma sawasawa. Klara kanikanda tena.

Jumapili, 15 Juni
Nimepiga magoti! Kuinuka ndiko kulikonishinda. Mchungaji kasema amina mara mbili. Nyuma yangu Naftali anajifanya anakohoa.

Klara alikuwa ameshasimama. Akarudi chini, na gauni lake jipya, akanipitishia mkono kwapani. Akaninong'oneza kwa Kinyiramba nisiwe na haraka, hata siku ya harusi alinisubiri. Tukainuka pamoja. Vigelegele! Nimelia. Naftali nimemwambia ni vumbi.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeamka mzima. Miguu yote miwili, asubuhi moja! Naftali anadai ni baiskeli. Upuuzi. Ni kunyoosha: wa kushoto uliponyooshwa, wa kulia ukaiga.

Mtinko wanataka marudiano Jumapili. Nimeandikisha jina, dakika zote tisini. Mazoezi sifanyi, nisije nikachosha misuli bure. Klara sijamwambia.

Yeye karudi gulioni na dumu zima la mafuta ya alizeti. Nyumbani tuko wawili tu. Sijui anataka kukaanga nini.