Panya Wamekula Theluji

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimeanza shajara. Mtu mwenye akili nyingi lazima aache kumbukumbu. Madamu Naswiba, mkuu wetu wa shule, ametuita ofisini mimi na mwalimu mwenzangu Kosmasi. Ijumaa ijayo wazazi watakuja kutazama picha za watoto, na mada ni majira ya baridi. Baridi! Kasese hii, ambapo hata kuku wanahema! Kila darasa lichore theluji. Mwalimu ambaye picha zake zitapendeza zaidi atahamia tawi letu la Bwera. Bwera! Blandine anafundisha huko. Moyo uliruka, mdomo nikaufunga. Kosmasi alitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Kila mmoja amepewa boksi la mishumaa. Kazi yenyewe rahisi. Mtoto anachora kwa mshumaa kwenye karatasi nyeupe, hakionekani kitu. Akipaka rangi ya maji, penye nta rangi inakataa kushika na theluji inabaki nyeupe. Nilielewa mara moja. Kosmasi aliuliza tena.

Jumapili, 13 Julai

Bwera, kumsalimia Blandine. Nimemkuta analalamikia umeme. Unakatika kila jioni, anasahihisha madaftari kwa mwanga wa simu. Mkono mtupu haulambwi. Nikatoa boksi la mishumaa. Lote! Aliangua kicheko cha furaha. Yeye ni wa Butembo, maneno yake matamu hata akikohoa. “Aksanti sana, Mwalimu Ssali. Vraiment, weye uko mutu wa roho muzuri.” Roho muzuri! Nimerudi nikiimba. Nilipofika Kikorongo ndipo nilipokumbuka mishumaa ile ilikuwa ya shule.

Jumatatu, 14 Julai

Hakuna neno. Nta ni nini? Ni mafuta yaliyojikaza tu. Nimenunua mafuta ya mgando, yale ya kukaangia chapati.

Nimewaambia watoto wachore theluji. Hawajui theluji. Nikasema, basi barafu. Wote wakachora vile vifuko vya barafu vya sokoni, na fundo juu! Banange! Bwambale peke yake, mtoto wa hapa, ndiye aliyewaambia wenzake kuwa Mwalimu anataka nzururu, ile theluji nyeupe ya juu ya mlima wetu huu. Immy, binti wa afande wa kambi ya jeshi, akabisha. Mlima hauna kitu cheupe, una mawingu tu. Akaniuliza kama mimi nimeiona. Nikasema mara nyingi sana. Tangu nitoke Masaka sijaiona hata siku moja.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi! Watoto wamechovya vidole kwenye mafuta, wakachora kilele, wakapaka bluu juu yake. Kilele kikabaki cheupe! Darasa zima lilipiga kelele. Immy aligusa karatasi yake, akanitazama, akaigusa tena. Nilijisikia baba wa taifa.

Darasa linanukia chapati, lakini sanaa nayo ina harufu yake. Kosmasi alichungulia mlangoni akauliza nani anapika. Wivu. Watoto wake wamechora kwa rula yule mtu wa theluji wa kwenye simu, mwenye skafu shingoni, wote sawasawa kama matofali. Akauliza mbona mishumaa yangu haionekani. Nikamjibu imekwisha kwa bidii. Picha nimezifungia stoo, karibu na magunia ya unga wa posho, asije akaniiga.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefua shati. Nimefanya mazoezi ya hotuba ya kuwaaga watu wa Kasese. Nililia kidogo mahali panapohusika. Stoo sikuifungua. Mambo mazuri hayataki kusumbuliwa.

Ijumaa, 18 Julai

Mama yangu!

Panya. Wamekula theluji yote. Bluu wameiacha, wamekata kilele tu, kila picha ina tundu palepale. Nimekaa juu ya gunia la posho na Bwera yangu ikanipita mbele ya macho. Wazazi walikuwa wameshafika getini. Nikazitundika hivyohivyo.

Immy aliona yake akalia. Hilo liliniuma kweli. Kosmasi alicheka, nalo likaniuma zaidi. Ndipo akaingia baba yake Immy, Afande Tumwesigye, viatu vinang'aa. Akaichomoa picha ya mwanawe, akapitisha kidole tunduni. “Hii nini, mwalimu? Jibu!” Akaiinua kuelekea dirishani, akachungulia.

Hakuishusha. Nje mawingu yalikuwa yamefunguka, na ndani ya lile tundu, katikati ya bluu ya mtoto, kilikuwamo kilele chenyewe. Cheupe kabisa! “Mimi nimekaa hapa miaka tatu,” alisema polepole, “sijaona hiyo kitu. Immy, kuja hapa. Angalia.” Immy akaangalia. Machozi yakakauka. Akauliza kama hiyo ndiyo nzururu ya Bwambale. Wazazi wakapanga foleni, kila mmoja na tundu la mwanawe. Nami nikachungulia. Nisiseme uongo. Ni nzuri kuliko nilivyowadanganya watoto.

Kisha nikakohoa. Nikasimama wima. Nikawaeleza wazazi kwamba hiyo ni mbinu yangu, nimeipanga wiki nzima. Makofi! Madamu Naswiba akatangaza kwamba mshindi ni Mwalimu Ssali, na ndiye anayekwenda Bwera.

Afande akapiga meza. “Huyu haendi mahali! Huyu anabaki hapa, anafundisha mtoto yangu. Tuma ule mwingine.” Madamu akasema ndiyo, afande. Wazazi wakapiga makofi tena.

Ule mwingine ni Kosmasi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimelala vizuri, maana mpango ninao. Kosmasi anahamia Bwera Jumatatu. Madamu amenipa boksi jipya la mishumaa, wazazi wanataka picha nyingine mwisho wa mwezi. Boksi hilo nimempa Kosmasi, amkabidhi Blandine kwa mkono wake mwenyewe. Akiwasha kila jioni atamkumbuka nani? Mimi! Kosmasi alilipokea kwa mikono miwili, akaniita ndugu. Aliuliza pia kama Blandine ameolewa. Anajali watu. Nilikuwa namwonea bure.

Kuhusu watoto, hakuna wasiwasi. Kosa lilikuwa mafuta. Nimenunua mche wa sabuni wa kuchorea, nimeufungia stoo. Sabuni panya hawali.