Tamko la Kiuno cha Mkurugenzi

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye mlango wa kila duka pale kijijini, likiwa na mihuri mitatu. Kwa kuwa maradhi yametanda, na kwa kuwa serikali inajali ustawi wa wafanyabiashara wadogo kuliko wao wenyewe wanavyojijali, Ofisi ya Ustawi imeundwa. Kuanzia leo ni marufuku fundi cherehani kumsogelea mteja chini ya mita mbili. Mteja atajipima nyumbani, atajaza Tamko la Kiuno, atatia sahihi. Kushona kinyume na tamko ni kosa.

Mama Cherehani, fundi wa nguo pale kijijini, alilisoma mara mbili, akaona lina busara tele. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu: hakuna binadamu anayesema kweli kuhusu kiuno chake.

Bibi harusi alijipunguza inchi sita. Muuza mbegu alijipunguza nane. Mwalimu mkuu hakupunguza kitu, ila kifua alijiongezea. Nguo zikarudi zote, na kila aliyerudisha alimlaumu fundi. Kufikia mwezi wa nne wa amri hiyo benchi la wateja lilikuwa tupu, usingizi umemkimbia, chakula hakipiti. Akamwambia wifi yake, mwenye genge la mboga pale jirani, kwamba mwezi ukiisha hivi atauza cherehani.

"Usiuze, wifi," akaambiwa. "Ukiuza hiyo, tutakuitaje?"

Ofisi ya Ustawi nayo haikulala. Ilimtuma afisa aje kupima furaha yake, ni ngapi kati ya kumi. Mama Cherehani akajibu sifuri. Afisa akamweleza kwa upole kwamba sifuri haimo kwenye fomu, ya chini kabisa ni saba. Akaandikiwa saba. Kwa takwimu hizo wilaya ikaongoza kwa furaha, hafla ikapangwa, na Mkurugenzi wa Ustawi mwenyewe akaagiza suti kwa Mama Cherehani. Tamko lake lilisema kiuno ni inchi thelathini na nne.

Alipolileta dukani alisimama mita mbili kamili, ukiacha tumbo, ambalo lilikuwa limeshavuka mpaka. Mama Cherehani, aliyepima watu miaka ishirini, akauliza kwa adabu kama mheshimiwa hajasahau inchi mbili tatu.

"Mama, unatilia shaka waraka wa serikali?"

Hakutilia. Alishona thelathini na nne, wala hakuacha nafasi ya kupumua.

Siku ya hafla Mkurugenzi alihutubia nyuma ya meza, mkono mmoja hewani, wa pili umeshikilia suruali ambayo kifungo chake kilikataa katakata kuonana na tundu. Alieleza kirefu jinsi janga lilivyoneemesha nyoyo za vijijini. Kisha akamwita Mama Cherehani apokee cheti cha Mfanyabiashara Mwenye Furaha. Akaja, akasimama mita mbili.

"Mama," Mkurugenzi akanong'ona, "njoo unifunge na pini."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ulisikia.

"Nitavunja amri, mheshimiwa."

"Basi naifuta."

"Kwa maandishi, baba. Sisi wadogo tunaogopa maneno matupu."

Karani akaleta karatasi. Upepo ulikuwa mkali siku ile. Mkono mmoja ulihitajika kushika kalamu, wa pili kuibana karatasi, na Mkurugenzi, pamoja na vyeo vyake vyote, hakujaliwa wa tatu. Akautazama umati, akatazama karatasi. Akasaini. Suruali ikashuka taratibu, kwa heshima zote za kiserikali.

Wa kwanza kucheka alikuwa wifi, wengine wakafuata. Mama Cherehani hakucheka, maana alikuwa kazini. Raha ilimjaa. Akavuka zile mita mbili, akamzungushia Mkurugenzi futi ya kupimia, akainama kwenye kipaza sauti.

"Arobaini na mbili na nusu," akasema, na karani, kwa kuwa shughuli ilikuwa rasmi, akaandika.